Birika halina undugu na radi: dhana potofu kuhusu neno ibriki

Kuna maelezo yanazunguka sana eti neno la Kiarabu ibriq, ndo lililotupa birika letu, limetoka kwenye barq, yaani umeme wa radi, kwa sababu birika la shaba likisuguliwa linametameta. Inasikika tamu na herufi kweli zinafanana, ila sio.

Ni neno la Kiajemi lililovishwa kanzu. Ab ni maji (ndo ile ile ya Panjab, maji matano), na kipande cha pili kinatoka kwenye kitenzi cha kumimina, kwa hiyo ni kimimina maji, basi. Na msiseme ni stori za wazungu, maana Al-Jawaliqi wa Baghdad, karne ya 12 huko, kaliweka kwenye kitabu chake cha maneno ya kigeni yaliyoingia Kiarabu. Kinachochanganya watu ni kwamba Kiarabu cha zamani kina ibriq nyingine kabisa, hiyo ndo ya barq kweli, maana yake upanga unaong'aa.

Hapa wengine wanakasirika, mbona limo kwenye Qur'ani, Suratul Waqia aya ya 18? Limo ndiyo. Wanazuoni walishabishana zamani, Imamu Shafi alikataa habari ya maneno ya kigeni ndani ya Qur'ani, Abu Ubayd, mwanazuoni wa lugha, akasuluhisha kwamba asili ni ya nje lakini Waarabu walishalifanya lao kabla Qur'ani haijashuka. Mi naona hapo kamaliza.

Dhana nyingine potofu: eti ibriki ni kidude cha kuchemshia kahawa ya Kituruki. Ulaya na Marekani wanakiita hivyo kile chenye mpini mrefu, ila Waturuki wenyewe wanasema cezve, ibrik kwao ni ya maji, ya kunawia. Na fikiria, kahawa imeanza kunywewa Yemen karne ya 15, wakati makumbusho ya sanaa za Kiislamu Cairo wana ibriki inayonasibishwa na Marwan II, khalifa wa mwisho wa Bani Umayya kule Sham, aliyeuawa mwaka 750. Tumbo mviringo, shingo ndefu, na pale pa kumiminia pamekaa jogoo kafunua mdomo anawika, maji yanatokea humo humo mdomoni! Kahawa wapi na wapi. Huku pwani chombo cha kahawa cha shaba chenye mdomo uliochongoka kina jina lake, dele, kutoka dalla ya Waarabu.

Halafu birika la msikitini, lile la kutilia udhu, watu wanadhani ni neno lile lile limekuzwa tu. Hapana, hilo ni birka, bwawa la maji, kwa Kiarabu linaandikwa kwa herufi kaf na sio qaf ya ibriq, ila ulimi wetu hauna muda na qaf, maneno mawili yakaishia kufanana. So ukiambiwa fulani yuko birikani anatawadha, usishangae kaingiaje.