Kikao cha harusi, asilimia za gesijoto, na kwa nini nchi inapandisha ahadi bila kushikiwa fimbo

Wikiendi iliyopita nilikuwa kikao cha harusi Kigamboni, mzee mmoja akanitania mbele za watu, "huyu ndo yule anakulaga posho za Ulaya kwenda kuongelea joto, na joto lenyewe halipungui". Wakacheka, na mimi nikacheka. Ila narudi kwenye kivuko nikawa nawaza kwamba kile kikao chenyewe kilikuwa kimeshamjibu, ni vile tu mzee alikuwa bize na soda.

Kazi yangu ni hesabu za gesijoto, zile hewa zinazopandisha joto la dunia. Wakubwa wanapanda jukwaani kuhutubia, sisi tuko nyuma na laptop tunahesabu ng'ombe, dizeli, hekta za misitu zilizokatwa, alafu tunageuza vyote kuwa tani. Na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili la yule mzee: kama hamna anayelazimisha, mikutano yote hii ya tabianchi inamfanyaje mtu aongeze ahadi yake?

Kuna wakati walijaribu kulazimisha. Itifaki ya Kyoto ya 1997 ilizipangia nchi tajiri asilimia za kupunguza, kisheria kabisa. Marekani ikasaini lakini haikuridhia, na Kanada ilipoona haifikii ikatangaza kujitoa Desemba 2011, hamna aliyeifanya kitu. Copenhagen 2009 wakataka mkataba mwingine mkubwa, ukavunjikia mikononi. Ndo maana Paris 2015 walikuja na akili tofauti: kila nchi iandike yenyewe itatoa nini. Na jina rasmi la kile kinachoandikwa, sikutanii, ni mchango.

Mnajua wenyewe michango inavyokwenda. Mwenyekiti wa kamati hana polisi. Anachokuwa nacho ni orodha kwenye group la WhatsApp, jina, ahadi, alichotoa, alichobakiza, inapostiwa kila baada ya siku mbili. Mjomba ameandika elfu hamsini alafu anaona mpangaji wake kaandika laki mbili, unadhani atalala? Mkataba wa Paris umejengwa hivyohivyo. Kila miaka mitano nchi inaleta mchango mpya, na mpya unatakiwa uwe mbele ya ule wa zamani, hairuhusiwi kurudi nyuma. Mafundi gereji wanaijua ile spana inayolia krrr krrr, ukirudisha mkono nati hairudi. Alafu kila miaka mitano pia kuna tathmini ya dunia nzima, ya kwanza ilimalizikia Dubai 2023, pale ndo kwa mara ya kwanza waliandika kwamba dunia iondoke taratibu kwenye mafuta, gesi na makaa ya mawe kwenye nishati, na umeme jadidifu, kama wa jua na upepo, uongezwe mara tatu ifikapo 2030. Tathmini haimtaji mtu kwa jina, inasema tu jumla ya michango haitoshi, na kila mtu ukumbini anajua ni nani hajatoa.

Kamati ya kufuatilia utekelezaji ipo, ina wataalamu 12, ila mkataba wenyewe unasema isigombane na mtu wala isiadhibu. Yaani ni kamati ya kukupigia simu kukukumbusha.

Sasa mtu akiingia kwenye vile vyumba vya majadiliano anashangaa, watu wazima saa nane usiku wanabishania kitenzi. Maandishi yanakuwa kwenye skrini kubwa, kila kisichokubaliwa kimefungwa kwenye mabano ya pembe, na unaweza ukakaa masaa matatu mnachagua kati ya "inahimiza", "inaalika", "inaomba" na "inazitaka". Mwanzoni nilikuwa naona upuuzi, siku hizi ndo sehemu naiangalia kuliko zote. Paris yenyewe nusura ife kwa neno moja, rasimu ya mwisho ilikuwa na neno la lazima pale inaposema nchi tajiri ziweke malengo ya kupunguza kwenye uchumi wote, Wamarekani wakashtuka maana lazima ya namna hiyo ingewapeleka Seneti na huko wasingetoka, ukumbi mzima ukakaa unangoja, mwishowe ikasomwa harakaharaka kama marekebisho ya makosa ya uchapaji, "lazima" ikawa "inafaa". Laurent Fabius, waziri wa Ufaransa aliyekuwa anaongoza mkutano, akagonga kile kinyundo chake cha kijani, imekwisha.

Na kitenzi kinafanya kazi kweli. Glasgow 2021 waliandika kwamba nchi "zinaombwa" kuyapitia upya na kuyaimarisha malengo yao ya 2030 kabla 2022 haijaisha. Kuombwa tu. Ilimaanisha mtu asingoje ile miaka mitano yake. Wengi walikausha, tuseme ukweli. Lakini Agosti 2022 India ikapandisha lengo lake la kupunguza gesi kwa kila pato inalozalisha, kutoka asilimia 33 mpaka 35 kwenda 45 ukilinganisha na 2005. Australia ikatoka 26 mpaka 28 ikaenda 43. Hapo mtu ataniambia Australia walibadilisha serikali Mei mwaka ule, sio mkutano, na ni kweli kabisa. Mkutano hauchagui serikali ya mtu. Ila serikali mpya ilipoingia ilikuta barua mezani yenye tarehe, ikawa na sababu ya kuharakisha. Kwa uzoefu wangu shinikizo la nje peke yake halimsogezi mtu, linampa silaha waziri wa mazingira aliyeko ndani ambaye kila siku anashindwa na wenzake wa fedha na nishati, anaenda kwenye kikao cha baraza anasema jamani Novemba nasimama mbele ya dunia, niseme nini?

Kuna na hii ya maiki. Septemba 2023 Guterres, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliitisha mkutano wake New York akasema jukwaani anapanda aliyekuja na kitu kipya tu. Marekani na China hazikuwa kwenye orodha ya wasemaji, wakati Kenya ilikuwepo. Kiongozi wa nchi kubwa kunyimwa maiki ni kitu kidogo ukikiangalia kwa mbali, ila muulize yeyote aliyewahi kuandaa safari ya rais.

Haya, sasa uchafu wa ndani, maana ndo eneo langu. Spana hairudi nyuma, lakini hamna aliyesema huwezi kubadilisha nati. Brazil waliahidi mwanzoni kwamba mwaka 2030 watakuwa wamepunguza asilimia 43 ukilinganisha na 2005. Kwa hesabu za wakati ule, 2005 walitoa kama tani bilioni 2.1, kwa hiyo 2030 wangebaki na bilioni 1.2. Desemba 2020 wakaleta ahadi "mpya", asilimia ileile 43. Ukiisoma juujuu unasema sawa, hawajapanda wala hawajashuka. Ila hesabu za 2005 zilikuwa zimefanyiwa marekebisho, sasa zinasoma bilioni 2.8. Piga mwenyewe, 43 ya hapo unabaki na bilioni 1.6. Yaani wamejiongezea ruhusa ya tani milioni 400 bila kugusa asilimia! Watu wa hesabu waliiona ndani ya siku chache, kelele zikapigwa, na 2023 serikali iliyofuata ikairudisha kwenye bilioni 1.2, safari hii ikiitwa asilimia 53. Mnaona? Hesabu za 2005 zilikuwa zimerekebishwa tena, kwa hiyo 43 ya mwanzoni na 53 hii zinaishia palepale.

Na sisi huku tusijifanye watakatifu. Ahadi nyingi za Afrika zinapimwa dhidi ya "tukiendelea kama kawaida", yaani makadirio ya tungetoa kiasi gani bila kufanya chochote. Kenya 2015 walikadiria tani milioni 143 kwa 2030 na wakaahidi kupunguza asilimia 30 ya hapo, Desemba 2020 wakasogeza kuwa 32, na kubwa kuliko hizo mbili zilizoongezeka ni kwamba mwanzo ilitegemea msaada wa nje, safari ya pili wakasema sehemu ya gharama wanalipa wenyewe. Tanzania ilianza na 10 mpaka 20, 2021 ikapanda 30 mpaka 35. Ni hatua, sibishi. Ila makadirio ya "kama kawaida" ni mstari unaochorwa na mtu kama mimi ofisini, ukiupandisha kidogo ahadi inanenepa yenyewe. Kwa hiyo mtu akinitajia asilimia huwa namuuliza kwanza, ya nini?

Na kuchelewa je? Tarehe ya mwisho ya kuleta michango yenye malengo ya 2035 ilikuwa 10 Februari 2025, na waliokuwa wameleta hawakufika hata nchi 20 kati ya 195. Trump alikuwa ameshasaini kuitoa Marekani tena mwezi mmoja nyuma. Kufikia mkutano wa Belém mwezi Novemba ndo orodha ikapita 100, wengi wamekimbizana dakika za mwisho kama michango inavyoingia usiku wa kuamkia send-off. Nchi maskini nyingi kisingizio wanacho na ni cha kweli, Baku 2024 walikubaliana dola bilioni 300 kwa mwaka za kusaidia nchi zinazoendelea ifikapo 2035 na wengi wetu tulitoka pale na uso wa mtu aliyepewa nauli ya nusu njia.

Kwa hiyo joto linapungua au halipungui? Ripoti ya 2025 ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, inasema ahadi zote zikitekelezwa tunaelekea joto kupanda nyuzi 2.3 mpaka 2.5, wakati Paris inasainiwa tulikuwa tunaelekea zaidi ya 3. Na kwenye kile kilichopungua ukilinganisha na ripoti ya mwaka uliotangulia, nyuzi 0.1 ni mabadiliko ya namna ya kuhesabu tu, wameandika wenyewe. Ukiangalia sera zilizopo badala ya ahadi, ni 2.8. Hiyo tofauti ndo ile safu ya "alichobakiza" kwenye orodha ya harusi.

Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni, kesi iliyoanzia kwa watu wa Vanuatu, kwamba nchi haina uhuru wa kuandika chochote inachojisikia, mchango wake lazima uwe juhudi ya juu kabisa inayowezekana. Ni maoni tu, hayamfungi mtu moja kwa moja. Ila wanasheria waliokuwa wanalala kwenye vikao vyetu siku hizi wanakaa mbele.

Tathmini inayofuata ni 2028. Faili letu limeshafunguliwa, na ile seli ya mwaka wa msingi, yaani mwaka tunaolinganishia, nimeifungia kwa paswedi.