Utawala wa polisi ni nini hasa? OCS, OCD, RB, PF3 na walikotokea, kwa sisi wa Tabora na Kigoma

Watu wengi wakisikia polisi wanawaza bunduki, pingu na difenda inayokatiza mtaani usiku, lakini ukiwafuatilia kwa karibu utaona kazi yao kubwa ni kuandika na kutii amri. Utawala wa polisi ndo huo, yaani mpangilio wa nani anamwamuru nani, tukio linaandikwa kwenye kitabu gani, na nani atajibu kitabu kikikutwa hakijakaa sawa. Doria, kukamata, kupeleleza, vyote vinaning'inia hapo. Na usipojua huo mpangilio utazungushwa wiki nzima kwa jambo la nusu saa, maana umeenda kumlilia mtu ambaye hana mamlaka nalo.

Tuanzie kaunta. Chukulia mtu kaibiwa pikipiki Isevya, hapa Tabora mjini, usiku, asubuhi anafika kituoni anakuta meza ndefu ya mbao na askari wa zamu, hapo ndo kaunta, wenyewe kwa kifupi wanaita CRO, na wazee bado wanasema chaji rumu. Askari anafungua daftari kubwa anaandika jina lako, umri, kabila, dini, kazi, unapokaa (ndio, kabila na dini vinaulizwa, ni mtindo wa maelezo ya polisi toka zamani, usishangae), kisha nini kimetokea, wapi, saa ngapi. Halafu anakupa namba. Hiyo ndo RB, yaani Report Book, namba ya daftari la taarifa. Inaanza na kifupi cha kituo, inafuata RB, kisha namba ya taarifa na mwaka. Watu wanaishika ile karatasi kama hati ya kiwanja, wakati ukweli ni kwamba RB inathibitisha kitu kimoja tu: kwamba umetoa taarifa. Haina maana kesi imefunguliwa, haina maana kuna askari yuko njiani anaitafuta pikipiki yako.

Kesi inafunguliwa pale mkubwa wa kituo anaposoma taarifa na kuona kuna jinai ndani yake. Hapo linafunguliwa jalada lenye namba ya IR, anapangiwa mpelelezi, na kuanzia hapo ukienda kuulizia usitaje RB, taja IR na jina la mpelelezi, utaona wanavyokusikiliza tofauti. Jalada lenyewe ni folda ya kawaida tu, ndani kuna maelezo ya mlalamikaji, ya mashahidi, ya mtuhumiwa, ramani ya tukio iliyochorwa kwa mkono, hati ya ukamataji mali kama kuna kitu kilichukuliwa, na karatasi ambazo wakubwa wanaandika maelekezo, mfano mhoji fulani, tafuta kadi ya pikipiki, mpelelezi anatekeleza na kujibu hapo hapo. Kwa hiyo mpelelezi akikwambia "jalada liko kwa bosi" mara nyingine ni kweli kabisa, na mara nyingine ni njia ya kukwambia urudi kesho, hilo sote tunalijua.

Ukipotelewa tu na kitambulisho au laini ya simu hilo ni jambo jingine, ni taarifa ya upotevu, na siku hizi unaweza kuiomba mtandaoni bila kupanga foleni na watu wenye matatizo mazito.

PF3 nayo inachanganya watu. Ni fomu ya polisi namba tatu, unapewa kituoni ukiwa umeumizwa, iwe ugomvi, ajali au kubakwa, unaenda nayo hospitali, Kitete kwa sisi wa Tabora au Maweni kwa walioko Kigoma, daktari anajaza ameona majeraha gani na yametokana na nini, inarudi polisi na kesi ikifika mahakamani inakuwa kielelezo. Ndo maana daktari anakaza iwepo, sio roho mbaya. Ila mtu anayevuja damu hangoji fomu, anatibiwa kwanza, fomu inafuata, na ndugu mmoja anaweza kukimbilia kituoni wakati mgonjwa yuko mezani.

Sasa ngazi. Kituo kina mkuu wa kituo, OCS. Wilaya ina OCD, huyu ndo mkubwa wa vituo vyote vya wilaya, Nzega ana wake, Igunga wake, Kasulu wake, Kibondo wake. Mkoa una RPC, ndo yule kamanda mnayemsikia redioni akisema "tunamshikilia mtu mmoja kwa mahojiano". Juu ya wote yuko IGP, anayeteuliwa na Rais, na jeshi zima lipo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Polisi ni jambo la Muungano, kwa hiyo IGP ni mmoja bara na Zanzibar. Pembeni ya mstari huo kuna mstari wa upelelezi, wilayani kuna OC-CID, mkoani RCO, juu kabisa DCI, na trafiki nao wana wa kwao, DTO wa wilaya na RTO wa mkoa. FFU ni wale wa kutuliza ghasia, hao huendi kuwashtakia umeibiwa kuku. Tabora kwa sababu ni njia panda ya reli, ya Mwanza na ya Kigoma, kuna pia polisi wa reli, na ukiibiwa begi ndani ya treni hao ndo wenye kazi yao.

Faida ya kujua ngazi ni hii: OCS akikukwamisha unapanda kwa OCD, huruki kwenda kwa RPC siku ya kwanza, maana RPC atachukua simu ampigie OCD amuulize, na OCD hakuwa na habari, hapo umeshamuudhi mtu ambaye angekusaidia. Wapelelezi hivyo hivyo, malalamiko ya jalada kuchelewa yanaenda OC-CID kwanza.

Vyeo ni kitu tofauti na madaraka, hapa ndo wengi wanapotea. OCD ni madaraka, cheo chake begani kinaweza kuwa mrakibu au mrakibu mwandamizi. Chini kabisa ni konstebo, begani hana kitu, koplo ana V mbili, sajenti V tatu, wanakuja staff sajenti na sajenti meja, kisha wakaguzi wenye nyota, warakibu, na makamishna wa daraja mbalimbali hadi IGP. Ukiona kwenye hati za mahakama askari kaandikwa kwa herufi na namba kisha D/C, hiyo D ni mpelelezi na C ni konstebo, na WP ni askari wa kike. Ukiwa huna uhakika ita afande tu, hakuna atakayenuna.

Kushikiliwa nako kuna taratibu zake. Ukikamatwa una haki ya kuambiwa kosa. Kwa makosa mengi sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai, ile ya 1985, inataka ndani ya saa 24 uwe umefikishwa mahakamani au umepewa dhamana, mauaji na makosa mengine mazito yana njia yake. Dhamana ya polisi haiuzwi, nasisitiza hapo kwa sababu bado kuna watu wanauza mbuzi kijijini ili "wamtolee dhamana" kijana wao. Mdhamini anasaini, basi. Halafu kuna ile ya kuwekwa ndani kwa amri ya DC au RC, yaani mkuu wa wilaya au wa mkoa, hiyo haitoki kwenye sheria ya polisi kabisa, inatoka kwenye sheria ya tawala za mikoa ya 1997, polisi hapo ni watekelezaji, na saa 48 zikipita bila kufikishwa mahakamani mtu anatakiwa aachiwe.

Na mwenye kukupeleka mahakamani sio polisi tena. Zamani ungekuta askari mwenye kombati kasimama mahakamani anaendesha mashtaka mwenyewe, alikamata mwenzake, akapeleleza mwenzake, anashtaki yeye. Sheria ya 2008 ikaanza kuitoa kazi hiyo mikononi mwao kwenda kwa mawakili wa serikali walio chini ya DPP, Mkurugenzi wa Mashtaka. Kwangu mimi hayo ni mabadiliko makubwa kuliko magari mapya yote waliyowahi kupewa, maana jalada bovu sasa linarudishwa na mtu ambaye hali kwenye mesi moja na aliyeliandika.

Sasa kwa nini polisi wetu wanaishi kwenye kota zao, wanapiga gwaride, wanahamishwa Bukoba kuja Kigoma wasikojua mtu? Jibu liko kwenye historia na inabidi niende nyuma kidogo.

Uingereza mwaka 1829 Robert Peel alianzisha polisi wa London, akawavalisha bluu makusudi ili wasifanane na wanajeshi waliovaa nyekundu, na hawakubeba bunduki, kwa sababu Waingereza wenyewe waliogopa kutawaliwa na jeshi mtaani kwao. Lakini Ireland, walikokuwa wanatawala watu wasiowataka, waliweka polisi wa aina nyingine kabisa, wana silaha, wanalala kambini, na askari hapangiwi kwao asije akawaonea huruma ndugu zake. Makoloni mengi yakaletewa mtindo huo wa Ireland na sio ule wa London. Na sisi tukiwemo.

Kabla ya hapo Unyamwezini usalama ulikuwa kwa mtemi na wanyampala wake, na wakati wa Mirambo kulikuwa na rugaruga, vijana wa vita waliolinda njia za misafara na pia kupora, inategemea ulikuwa upande gani. Wajerumani walipoivunja ngome ya mtemi Isike hapa Unyanyembe, Januari 1893, wakatawala kutokea bomani, na askari wao kazi ilikuwa kukusanya kodi ya kibanda iliyoanza 1898, kukamata watu wa kazi na kuchapa kiboko, zile hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, ambazo wazee wamezisimulia hadi zikabaki kwenye lugha. Mwananchi hakuwa mteja wa yule askari hata kidogo, alikuwa ndo anayechungwa asiasi.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokuja Wabelgiji wakaingia Tabora Septemba 1916 wakitokea Kongo, wakawaachia Waingereza mwaka uliofuata, lakini Kigoma na Ujiji wakazing'ang'ania. Kwa hiyo Agosti 1919 jeshi la polisi la Tanganyika linaanzishwa rasmi, makao makuu Lushoto, mtu wa Ujiji bado yuko chini ya askari wa Mbelgiji, na hali hiyo ikaendelea mpaka 1921. Watu wa Kigoma mna haki ya kusema polisi waliwafikia kwa kuchelewa. Makao makuu yakahamia Dar es Salaam 1930. Vijijini Mwingereza hakupeleka polisi wengi, aliwaachia machifu na matarishi wao chini ya mfumo wa kutawala kupitia wenyeji, na machifu walipofutwa kisheria 1963 ile kamba ikakatika, kijiji kikabaki na kituo cha polisi ambacho huenda kiko mwendo wa siku nzima kwa baiskeli.

Januari 1964 jeshi la Tanganyika Rifles liliasi, likiwemo lile la hapa Tabora kambi ya Kalewa, jeshi likavunjwa na kuundwa upya kama JWTZ. Polisi wao hawakuvunjwa, waliendelea na muundo ule ule wa mkoloni, ila sasa juu yupo Mtanzania, Elangwa Shaidi. Ndo maana vitabu, vyeo na taratibu nyingi za kaunta ukiziangalia vizuri zina umri wa babu yako.

Lile pengo la vijijini lilizibwa na wananchi wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita ya Uganda, silaha zimezagaa na ng'ombe wanaibiwa kila siku, Wasukuma na Wanyamwezi wa Kahama na Nzega wakaanzisha sungusungu. Mwenyekiti wao anaitwa ntemi, wana mishale, wana filimbi, na mwano, yowe la hatari, ukipigwa usiku kila mwanaume anatoka, asiyetoka anatozwa faini. Wizi ulipungua kweli, ila watu walipigwa, wengine waliuawa, na vikongwe walisingiziwa uchawi, usisimuliwe upande mmoja tu. Serikali ikawatambua kisheria 1989 kwa kuwaunganisha na mgambo. Baadaye, Said Mwema alipokuwa IGP kuanzia 2006, ikaja polisi jamii na ulinzi shirikishi, na sasa kuna mkaguzi wa kata, askari mmoja ambaye kata yote inatakiwa imjue kwa jina na kwa namba ya simu.

Lakini kwenye ngazi ile niliyoeleza sungusungu na mgambo hawamo. Hawana lokapu, hawana dhamana ya kutoa, hawana RB. Wakimkamata mwizi kazi yao inaishia kumfikisha kituoni akiwa mzima, hapo askari wa kaunta anaandika. Wakimfikisha amevunjwa mkono, mwizi naye anaandikiwa PF3 kama mtu mwingine yeyote, na siku hiyo majalada yanaweza kufunguliwa mawili, moja la ng'ombe aliyeibwa na jingine lenye majina ya waliomkamata.