Lango la homoni na ujanja wa seli ya saratani

Aliyekulia kwenye miteremko ya Kilimanjaro anaujua mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba. Maji hutoka juu, hupita kando ya vihamba, yaani mashamba ya migomba, vya watu wengi, lakini huingia kwa mwenye lango tu. Homoni nazo ni hivyohivyo. Estrojeni na testosteroni huzunguka na damu mwili mzima, ila seli isiyo na kipokezi chake haisikii kitu.

Kipokezi ni protini iliyomo ndani ya seli. Homoni ikikishika, kipokezi hubadilika umbo, huungana na kipokezi mwenzake, kisha hujishikiza kwenye jeni na kuziamsha, zikiwemo zinazoiambia seli igawanyike. Kazi hiyo ni ya kawaida kabisa kwenye titi na kwenye tezi dume. Saratani imeikuta ikaiteka.

Mwaka 1896 daktari wa upasuaji wa Glasgow, George Beatson, aliripoti kwamba saratani ya matiti iliyokwisha kusambaa ilinywea baada ya mgonjwa kuondolewa ovari. Neno “homoni” lenyewe lilikuwa halijatungwa! Mwaka 1941 Charles Huggins wa Chicago akaonyesha kuwa saratani ya tezi dume nayo hulegea korodani zikiondolewa. Hao walifunga chemchemi. Dawa kama tamoksifeni kwa matiti na bikalutamidi kwa tezi dume huyaacha maji yapite, zikaziba lango.

Basi mbona baada ya miaka kadhaa dawa huacha kufanya kazi? Ndilo swali tunaloulizwa sana hapa Moshi, na ndilo linalowashughulisha watafiti wa vipokezi. Seli haikai na lango moja maisha yote. Hutengeneza vipokezi, huvivunja, huviongezea nguvu kwa protini nyingine, na saratani huchezea kila hatua. Katika tezi dume, seli yaweza kurudufu jeni ya kipokezi mara nyingi, hata testosteroni kidogo mno ikatosha. Nyingine hutengeneza kipokezi kifupi, kisicho na sehemu ya kushikwa na homoni, nacho hufanya kazi bila kungoja maji. Kwenye matiti, hasa baada ya muda mrefu wa dawa zinazozuia mwili kutengeneza estrojeni, kipokezi huweza kupata badiliko la jeni likakiacha kama lango lililokwama wazi. Kwa hiyo mzee anayechoma sindano zake za kushusha testosteroni kila miezi mitatu bila kukosa, kisha PSA (kipimo cha damu cha kufuatilia saratani ya tezi dume) ikapanda, asishukiwe kwamba amekatisha dawa. Nimeona wagonjwa wakigombezwa kwa kosa la seli zao.

Yote hayo hayamfikii mgonjwa kama kipokezi chenyewe hakikupimwa vizuri. Maabara hutia rangi kwenye kinyama kilichotolewa kwenye uvimbe. Viini vya seli vikigeuka kahawia, kipokezi kipo. Kwenye saratani ya matiti, hata asilimia 1 tu ya viini ikigeuka kahawia, uvimbe huhesabiwa kuwa na kipokezi cha estrojeni. Lakini kipokezi huharibika upesi. Kinyama kinatakiwa kiingie kwenye fomalini (dawa ya maji ya kuhifadhia nyama isiharibike) ya asilimia 10 ndani ya saa moja, kikae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya 72. Kikipanda basi kutoka Arusha kikiwa kwenye chupa ya maji ya chumvi, au kikisahauliwa juu ya meza mwisho wa wiki, majibu yanaweza kusema “hakuna kipokezi”, na mama wa watu akanyimwa kidonge cha tamoksifeni ambacho kingemfaa kwa miaka 5.

Saratani ikirudi, yafaa kinyama kipya kichukuliwe inapowezekana, kwa sababu vipokezi vya leo si lazima viwe vya mwanzo. Na kwenye lebo ya chupa, pamoja na jina na tarehe, ziandikwe saa mbili: saa kinyama kilipotoka mwilini, na saa kilipoingia kwenye fomalini. Chupa nyingi tunazopokea maabara hazina hata moja.