Je, wajua kwa nini huwezi kupiga bluzi pamoja na mwalimu wako kwa simu ya video?

Jaribu jambo hili na rafiki aliye mji mwingine. Mpigie simu ya video, kila mmoja aweke simu mbele ya gitaa lake, hesabuni moja, mbili, tatu, nne, kisha anzeni bluzi (blues) ya vipimo 12, kila kipimo mapigo manne, katika ufunguo wa A. Mkifika kipimo cha tatu mmeshaachana. Ukimfuata, anazidi kuwa mzito. Ukikaza mwendo, anakuambia wewe ndiye umechelewa. Mimi niko Moshi na rafiki yangu yuko Sakina, Arusha, kilomita 80 hivi kwa barabara. Jioni ya kwanza tulianza kwa mwendo wa mtu anayewahi sokoni, tukamaliza kwa mwendo wa msafara wa mazishi.

"Kaka, mbona unaburuza?" akaniuliza. Nami nilikuwa nataka kumwuliza hilohilo.

Jibu nililokuwa nalo wakati huo ndilo walilo nalo wengi wanaojifunza gitaa kwa intaneti: mtandao hauna kasi. Basi nikanunua kifurushi kikubwa zaidi. Nikahamia chumba ambacho simu inashika vizuri. Tukasubiri hadi usiku sana, watu wengi wakiwa wamelala. Picha ikawa safi kiasi kwamba niliona uzi wa sita wa gitaa lake ukitetemeka. Mdundo ukabaki umevunjika vilevile.

Kosa langu lilikuwa ndani ya neno lenyewe, kasi. Kampuni za simu zinapotangaza kasi, zinahesabu megabiti kwa sekunde, yaani ni mzigo kiasi gani unaopita kila sekunde. Hicho ni kipimo cha upana wa njia. Mpiga muziki anahitaji kipimo kingine kabisa: sauti iliyotoka kwangu sasa hivi itamfikia mwenzangu baada ya muda gani?

Huku mlimani tuna mfano mzuri. Wachagga walichimba mifongo, mifereji inayoteremsha maji kutoka msituni hadi kwenye vihamba. Tuseme mfongo una urefu wa kilomita nne. Ukiupanua mara mbili, maji yatakayofika kihambani kwa saa ni mengi zaidi, na migomba itashiba mapema. Lakini siku ya zamu yako, lango likishafunguliwa huko juu, maji ya kwanza bado yana kilomita zilezile nne za kutembea, na kila yanapokuta kidimbwi njiani yanasubiri kijae kwanza. Kununua kifurushi kikubwa ni kupanua mfongo. Picha, ambayo ni mzigo mkubwa, inapendeza papo hapo. Pigo moja la gitaa ni mzigo mdogo mno. Lilikuwa likipita hata kwenye mfongo mwembamba, na shida yake ni urefu wa njia pamoja na vidimbwi.

Nilitaka kuona kuchelewa huko kwa macho, kwa hiyo tukafanya jaribio. Rafiki yangu aliwasha metronomu, kifaa kinachogonga mapigo sawasawa, mezani kwake, mapigo 120 kwa dakika. Mimi niliisikiliza kupitia simu nikagonga ubao wa gitaa pamoja na kila pigo. Yeye, kwa simu ya pili, akarekodi kila kilichosikika chumbani mwake, kisha akanitumia. Nilipoifungua rekodi hiyo kwenye programu ya kuhariri sauti na kuikuza, niliona vilima viwili viwili: kirefu chembamba cha metronomu, na nyuma yake kifupi kipana cha kidole changu. Kwangu nilikuwa nagonga sawasawa na pigo. Kwake kidole changu kilifika milisekunde 320 baadaye, yaani karibu theluthi ya sekunde. Kipimo hiki si cha maabara, maana watu wengi hugonga mapema kidogo kuliko pigo bila kujua, ila pengo lenyewe ni kubwa mno kulaumiwa kidole.

Sasa weka namba hiyo ndani ya bluzi. Mwendo wake wa kuchechemea, ambao wapigaji huuita shafo, unagawa kila pigo sehemu tatu: noti ya kwanza inakula mbili, ya pili inaingia kwenye ya tatu. Kwa mapigo 120 kila pigo lina milisekunde 500, hivyo noti ya pili inaingia kwenye milisekunde ya 333. Angalia kilichotokea. Pigo langu kubwa lilikuwa likimfikia karibu kabisa na mahali pa noti yake ndogo. Alinisikia nikicheza kinyume, na kwa masikio yake alikuwa sahihi. Nilipopata hesabu hii niliacha gitaa nikakaa kimya kwa muda. Sote wawili tulikuwa tunapiga vizuri.

Kwa nini basi mwendo ulizidi kuzorota badala ya kubaki nyuma kwa kiasi kilekile? Fikiria watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja kwa michi miwili. Mchi wa mmoja ukishuka, wa mwenzake unapanda, na hakuna anayehesabu, kila mmoja anasikiliza pigo la mwenzake na kuingia. Sasa fikiria kwamba kila mmoja anamsikia mwenzake kwa kuchelewa. Anasubiri kidogo ili aingie mahali pake. Kusubiri kwake nako kunamfikia mwenzake kwa kuchelewa, naye anasubiri zaidi. Kila mzunguko unaongeza mzigo juu ya uliopita, mpaka mtama unakaa kinuni nusu umetwangwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, akiwemo Chris Chafe, waliwaweka watu vyumba tofauti wapige makofi kwa pamoja huku sauti ikicheleweshwa makusudi. Kuchelewa kulipozidi milisekunde kumi na kitu, mwendo ulianza kupungua. Kulipokuwa kudogo kuliko hapo, watu walielekea kukimbia. Makofi si gitaa, na kila muziki una uvumilivu wake, lakini mpaka unaotajwa sana kwa wapigaji ni milisekunde 25 hadi 30 kwa kwenda tu.

Hewani, muda huo ni kama mita 9 au 10, kwa sababu sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Jukwaa la bendi linaenea hapo. Ndiyo maana wapigaji wa Morogoro Jazz au Tabora Jazz waliweza kufungamanisha gitaa la solo na la rithim bila shida: walisimama karibu. Ule mzunguko wetu wa milisekunde 320, kwenda na kurudi, ukiugawa mara mbili, ni sawa na rafiki yangu kusimama golini Uwanja wa Ushirika nami kusimama katikati ya uwanja, kisha tujaribu kupiga shafo kwa kusikilizana.

Mwalimu wangu wa jazi anaishi Chicago, kilomita 13,000 hivi kutoka hapa kwa mstari wa moja kwa moja. Mwanga ndani ya uzi wa kioo wa mkongo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Gawanya, unapata milisekunde 65 kwa kwenda tu, na mikongo haiendi kwa mstari wa moja kwa moja. Tayari ni zaidi ya mara mbili ya ule mpaka wa wapigaji, kabla ya kugusa mtambo wowote. Zamani ilikuwa vibaya zaidi: kabla mkongo wa baharini wa SEACOM haujafika Dar es Salaam mwaka 2009, mawasiliano mengi ya nje yalipitia satelaiti zilizo kilomita 35,786 juu, na kupanda na kushuka tu kulikula karibu milisekunde 240.

Lakini Arusha ni jirani, mwanga ungefika kwa chini ya nusu ya milisekunde. Muda mwingi unaliwa na vile vidimbwi. Simu inakusanya sauti vipande vipande kabla ya kuituma, mnara unapanga foleni, pakiti za data zinaweza kuzunguka hadi seva ya nchi nyingine, na simu inayopokea inaweka akiba kidogo ili sauti isikatike. Ukivaa spika za masikioni za Bluetooth, mara nyingi unaongeza milisekunde 100 au zaidi. Tulipohamia za waya tulipata nafuu ya kweli, ingawa haikutosha. Tena programu za simu zimetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo: noti ndefu ya gitaa huichukulia kama mngurumo wa feni na kuinyonga, na wawili wakisikika kwa pamoja mmoja hupunguzwa. Ziko programu za wanamuziki, kama JackTrip iliyozaliwa hukohuko Stanford, zinazopunguza vidimbwi hivi sana kwa walio karibu na wenye mtandao wa waya. Zile 65 za Chicago haziwezi kuzigusa.

Somo la video lililorekodiwa halina tatizo hili hata kidogo. Unajua hali ya kibanda umiza: jirani mwenye king'amuzi kingine anashangilia goli nanyi bado mnaona mpira upo kona. Anawaharibia utamu, ila mchezo wenu hauvurugiki, kwa sababu wachezaji hawawasikii ninyi. Kuchelewa kwa njia moja hakuvunji mdundo. Kunauvunja pale tu kunapokwenda na kurudi.

Ndiyo maana walimu wazuri wa mtandaoni hawajaribu kupiga pamoja nawe. Wangu anapiga vipimo vinne, ananyamaza, naitikia vinne. Kuchelewa kote kunajificha kwenye ule ukimya. Na bluzi yenyewe imejengwa hivyo tangu mwanzo, katika kila vipimo vinne mwimbaji anaimba mstari kwa vipimo kama viwili, gitaa linamjibu kwa viwili vinavyobaki, kama sisi na kiitikio cha ngoma.

Na rafiki yangu wa Sakina tunafanya hivyohivyo kwa kutumiana rekodi. Juzi alinitumia vipimo 12 vya rithim, vikianza na kuhesabu kwake na jogoo wa jirani yake. Nikapiga solo juu yake. Kwenye kipimo cha tisa, tulipoingia kwenye chord ya E, jogoo akawika tena, nami nilikuwa nimeshaacha nafasi. Nikamwitikia kwa noti mbili.