Kamba za kukwea barafu: yanayosemwa na ukweli wake

"Beba kamba moja nene, utakuwa salama." Kwenye mwamba mfupi ushauri huu hauna ubaya. Kwenye barafu ndefu, ile inayokwewa kituo baada ya kituo, unasahau kwamba aliyepanda lazima ashuke. Kamba moja ya mita 60 hukunjwa katikati ili iweze kuvutwa baadaye, kwa hiyo inakushusha mita 30 tu. Mbili zikiungwa zinakushusha 60. Na kituo cha kushukia kwenye barafu kina kazi yake: unatoboa matundu mawili kwa skrubu ya barafu (bomba la chuma lenye meno, ambalo pia huachwa kwenye barafu kushikilia kamba) mpaka yakutane ndani, kisha unapitisha uzi, mbinu iliyobaki na jina la mkwea milima wa Kisovieti, Vitaly Abalakov. Vituo vikipungua nusu, muda wa kukaa chini ya barafu inayodondoka nao unapungua.

Halafu kuna makali. Kramponi (miiba ya chuma inayofungwa viatuni), mashoka, na siku hizi miamba iliyoachwa wazi. Diamond Couloir, korongo la barafu la Mlima Kenya lililo kati ya vilele vya Batian na Nelion, ilikwewa mara ya kwanza mwaka 1973 na Phil Snyder na Thumbi Mathenge. Barafu yake imepungua sana tangu hapo. Kamba ya pekee ikikatwa, basi. Zikiwa mbili, umebakiwa na moja.

"Kamba nusu na kamba pacha ni zilezile." Sizo, na hapa ndipo watu huumizana. Nusu, zenye alama ya ½ kwenye ncha, unaweza kuzichomeka kwa zamu: hii skrubu ya kushoto, ile ya kulia. Pacha, zenye duara mbili zilizoingiliana, huchomekwa zote mbili kwenye kila karabina (pete ya chuma yenye mlango). Kwa EN 892, kiwango cha Ulaya cha kamba za kukwea, nusu hupimwa uzi mmoja kwa kuangusha uzito wa kilo 55. Pacha hupimwa nyuzi mbili pamoja kwa kilo 80. Uzi mmoja wa pacha haukupimwa peke yake, usimtegemezee mtu. Kamba nyingi za sasa zina alama zote mbili, lakini hata hizo usibadilishe mtindo katikati ya njia: zikibanana kwenye karabina moja huku zikienda kwa kasi tofauti, nailoni husuguana ikaungua.

"Imeandikwa maanguko 5, basi la sita inakatika." Hapana. Yale ni maanguko ya maabara, makali kuliko mengi ya mlimani. Mimi ningeangalia kwanza nguvu ya mshtuko, yaani mvuto wa kamba inapomzuia aliyeanguka: ikiwa ndogo, skrubu iliyo kwenye barafu dhaifu hupata nafuu.

"Kamba ya kuzuia maji hailoi." Inaloa, ila kidogo. Alama ya UIAA, shirikisho la kimataifa la ukweaji milima, inadai isinyonye maji zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake, wakati ya kawaida inaweza kukaribia nusu. Iliyoloa huganda ikawa ngumu kama waya, ikagoma kupita kwenye kifaa cha kumshikia mwenzako. Dawa ya kuzuia maji iliyopakwa kwenye kamba huchakaa kwa matumizi. Hata hivyo, ukitaka kubana pesa, bania kitu kingine.

Na kifaa cha kumshikia mwenzako nacho kisomwe: kilichotengenezwa kwa kamba ya mm 10 huenda kisiizuie ya mm 8 inapochomoka.