Kwa nini usukani hutetemeka hata baada ya kufunga pedi mpya za breki?

Umenunua pedi mpya za Land Cruiser yako kuukuu ya namba za KA, fundi amezifunga vizuri, lakini ukiteremka kutoka Mazeras kuja Miritini usukani bado unatetemeka. Wengi hapo hurudi dukani kulalamika kwamba wameuziwa pedi bandia. Bandia zipo, sikatai. Ila kwa magari makuukuu ya huku pwani, mara nyingi ubovu uko kwenye diski yenyewe, au nyuma yake mahali ambapo hakuna aliyetazama.

Diski ya breki ni chuma cha kusubu. Ndani yake mna chembe za grafiti ambazo hupitisha joto haraka na kumeza mtetemo, na bei yake ni nafuu, ndiyo maana viwanda vinaendelea kukitumia. Lakini chuma hicho hakijui kujikinga na kutu. Gari likilala siku chache Nyali au Likoni wakati wa kusi, uso wa diski hugeuka rangi ya chungwa. Kutu hiyo ya juu haina neno, breki mbili tatu huifuta. Ya kuogopwa ni ile ambayo pedi haiifikii: ukingoni, ndani ya njia za upepo zilizo katikati ya diski, na pale diski inapokalia habu, yaani kitovu cha gurudumu inapofungwa.

Hapo kwenye habu ndipo mambo huharibikia. Gamba la kutu jembamba kama unywele likibaki chini ya diski mpya, diski hukaa upande. Siku ya kwanza husikii kitu, kwa sababu inayumba kwa kiasi kisichofika hata sehemu ya kumi ya milimita. Lakini kila mzunguko pedi inagusa sehemu ile ile. Baada ya wiki au miezi, sehemu hiyo imelika kuliko nyingine, au imegandwa na masalio ya pedi, na unene wa diski haulingani tena. Mguu ukikanyaga breki, pistoni zinazobana pedi zinasukumwa nyuma na mbele, na usukani unacheza. Mafundi wengi husema diski imepinda kwa joto. Kwa kawaida haijapinda, imepoteza ulinganifu wa unene. Basi kabla ya kufunga diski mpya, habu isuguliwe kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae. Simama hapo uone ikifanyika.

Utajuaje kama diski ya zamani yafaa kubaki? Tafuta alama ya MIN TH, yaani unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, na tarakimu za milimita, zilizochapwa au kusubiwa kwenye diski, kisha pima kwa maikromita pale pedi inapopita, si ukingoni, kwa maana ukingo hauliki na utakudanganya. Ikikaribia kipimo hicho, usikubali ichongwe. Kuchonga husawazisha uso, lakini hupunguza chuma, na chuma ndicho kinachobeba joto. Gari la tani 2.5 likienda kilomita 80 kwa saa lina nishati mara nne ya lile lile likienda 40, na karibu yote hugeuzwa joto kwenye breki. Kama umevalisha tairi za inchi 33 mahali pa 31, nguvu ya breki pale chini barabarani imepungua kwa takriban asilimia 6, hata kama hujagusa kitu kingine. Diski nyembamba haina nafasi kwenye gari kama hilo. Nunua mbili, za ekseli moja pamoja.

Zile zilizotobolewa matundu usoni zavutia macho, lakini kwa gari la kwenda porini mimi sizipendekezi. Matundu hushika tope na mchanga, na nyufa huanzia hapo. Chagua diski ya kawaida yenye njia za upepo, iliyopakwa zinki au rangi ya kuzuia kutu. Pedi zitakwangua rangi hiyo usoni kwa breki za mwanzo, ila itabaki katikati na ukingoni, palepale chumvi inapoanzia kula.

Sasa pedi. Kwenye ubavu wa nyingi mna msimbo, na mwishoni herufi mbili kama FF au FE. E ni msuguano wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Herufi ya kwanza ni pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa moto sana. Kwa hiyo FE hulegea unapoihitaji zaidi, kwa mfano ukishuka kutoka Kwale kuja Kombani na watu wanane na mizigo. Hapo nataka FF au zaidi. Herufi hizo hazisemi pedi itadumu muda gani.

Pedi zenye nyuzi za chuma huvumilia joto na mzigo, lakini nyuzi hizo nazo hushika kutu, na kutu ikiingia kati ya bamba la nyuma na nyama ya pedi, nyama hubanduka. Kagua mara kwa mara. Gari linaloshinda mjini na kwenda Diani wikendi litatosheka na pedi za seramiki, ambazo hazina kelele na hazili diski sana.

Usiende kununua vipuri Mwembe Tayari na jina la gari peke yake. Gari la mwaka mmoja linaweza kuwa na breki za vipimo tofauti kulingana na soko lilikoundiwa. Beba namba ya chesisi na pedi za zamani, mlinganishe juu ya kaunta.

Pini za kalipa, kile kifaa kinachoshika pedi na pistoni, zipakwe grisi ya silikoni, si ya kawaida, kwani ya kawaida huvimbisha mipira. Vumbi la breki lisipulizwe kwa kompresa, pedi za zamani huenda zina asbesto. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Kisha zoeza pedi barabara ikiwa tupu: kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 10, mara kadhaa, bila kusimama kabisa, halafu endesha taratibu zipoe.

Mafuta ya breki nayo hunyonya maji hewani, na hewa ya Mombasa haina uhaba wa unyevu. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205 za selsiasi. Yakishanyonya maji, 140 tu. DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka hutoa mapovu na pedali huzama. Yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, na kama hukumbuki yalibadilishwa lini, yabadilishwe siku hiyo hiyo ya kufunga pedi.