Kanga Juu ya Kigari si Kivuli

Jumamosi iliyopita, kabla hata ya mapumziko, nililetewa katika hema la huduma ya kwanza mtoto wa tatu wa msimu huu mwenye tatizo lile lile la kuzidiwa na joto ndani ya kigari kilichofunikwa, na mama yake akasema maneno yale yale: "Lakini nesi, si nimemfunika? Jua halimpati." Nimekuwa muuguzi wa watoto hapa Tabora kwa miaka mingi, na siku za mechi hujitolea katika Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, hivyo maneno hayo nayajua kama wimbo wa taifa. Nayaandikia leo ili nikiyasikia tena nimwonyeshe msemaji simu yangu, badala ya kupoteza pumzi.

Mtoto alikuwa wa mwaka mmoja na miezi minne. Kigari kilikuwa kizuri, chenye godoro nene la sponji, na kanga ilikuwa imebanwa juu yake kwa vibanio vya nguo pande zote nne, kwa ustadi ambao ningeusifu kama ingekuwa chandarua. Jina la kanga lilikuwa "Kimya kingi kina mshindo". Nilipofunua, nywele za mtoto zilikuwa zimegandana, mgongo umelowa na kushikana na godoro, midomo imekauka, na nepi aliyofungwa saa nne asubuhi ilikuwa bado kavu saa kumi na nusu jioni. Mama alidhani amelala, kumbe alikuwa amelegea. Tulimvua nguo, tukampangusa kwa maji ya kawaida, tukampepea kwa kipande cha boksi, mama akamnyonyesha, na alipoanza kulia kwa hasira nilishukuru, kwa sababu mtoto aliyezidiwa hana nguvu ya kukasirika.

Watu wa mji huu ndio wa mwisho wanaopaswa kukosea jambo hili, maana tumekulia chini ya miembe. Chini ya mwembe jua linazuiwa juu kabisa, mbali na kichwa chako, majani yanapoteza maji na kujipoza, na upepo unapita kutoka kila upande. Kanga iliyobanwa kwenye kigari inazuia mwanga, lakini inalipokea joto lenyewe na kulishusha shibiri moja tu juu ya uso wa mtoto, huku ikiufunga ule uwazi wa mbele ambao hewa ilikuwa ikipitia. Ndani yake mtoto naye ni jiko: mwili wake unazalisha joto, jasho lake linageuka mvuke, mvuke hauna pa kutokea, na jasho lisilokauka halipozi mwili wa mtu yeyote. Ongeza sponji inayombana mgongoni, zege la moto lililo chini ya kiti, na mkanda unaomzuia kugeuka, kisha ukumbuke kwamba mtoto mdogo hupata joto upesi kuliko sisi, kwa sababu ngozi yake ni kubwa kulinganisha na uzito wake na jasho lake ni kidogo. Kuhusu wale wanaofunika kigari kwa nailoni ya mvua juani, nimeamua kutosema neno, kwa heshima ya wasomaji.

Kuna shemeji yangu ambaye haamini mpaka aone, na kwa ajili yake nilitia samli iliyoganda katika visahani viwili, nikaviweka katika vigari viwili uani, vyote juani, kimoja kikiwa kimefunikwa kwa kanga na kingine kikiwa wazi chini ya mwavuli uliofungwa kwenye mpini. Baada ya nusu saa samli ya kwenye kanga ilikuwa mafuta matupu, na ile ya chini ya mwavuli ilikuwa imelainika pembeni tu. Najua huo si utafiti, lakini shemeji alinyamaza.

Sasa nikiri jambo. Kwa muda mrefu niliwatisha akina mama kwamba kigari kilichofunikwa ni tanuri, kwa takwimu za gazeti la Svenska Dagbladet la Uswidi, ambalo mwaka 2014 lilipima kigari kilichoachwa juani na kupata nyuzi 22 kikiwa wazi, 34 baada ya nusu saa kikiwa kimefunikwa kwa kitambaa chembamba, na 37 baada ya saa moja. Baadaye, mwaka 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walipima kwa utaratibu zaidi na kuona kwamba kitambaa kikavu huongeza joto kwa karibu nyuzi 4, si 12 wala 15. Nilijisikia kama mtu aliyekuwa akihubiri aya asiyoisoma vizuri. Nyuzi 4 hazisikiki kama tanuri, lakini kwa Oktoba yetu, ambapo kivulini tayari ni nyuzi 32, hizo nne zinatosha kumfikisha mtoto pale ambapo mwili wake hauna tena mahali pa kupeleka joto. Hivyo neno "tanuri" nimeliacha, ila ushauri haujabadilika: acha kanga kavu, tumia mwavuli.

Utafiti huo huo ulinipa jambo lingine ambalo wenzangu wengi hawalipendi: kitambaa chembamba kilicholoweshwa maji, pamoja na feni ndogo ya kubana kwenye kigari, kilishusha joto kwa karibu nyuzi 5. Kwa maana hiyo kosa halipo katika kanga yenyewe bali katika ukavu wake na katika kufunga kila upande. Ukiilowesha, ukailowesha tena kila baada ya dakika 15 hadi 20, na ukaacha upande mmoja wazi, unaweza kuwa umefanya jambo jema. Nasema "unaweza" kwa makusudi. Maji hupoza yanapokauka, na hapa kwetu kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ni kavu kiasi kwamba kanga hukauka kabla hujamaliza kuianika, lakini mvua zikianza, au ukiwa Kigoma kando ya ziwa siku ya mawingu mazito, siwezi kukuahidi kitu. Mwavuli hauna masharti hayo.

Bibi zetu wataniuliza kwa nini tusirudi kwenye mbeleko. Mgongoni mtoto hapati ubaridi, kwa sababu anaongezewa joto la mama, na yeyote anayekwambia vinginevyo hajawahi kubeba mtoto kwa dakika 90 juani. Faida ya mbeleko ni kwamba unamhisi: akilegea unajua, akiloa unajua, ilhali aliye chini ya kanga iliyobanwa hana wa kumsemea.

Kuna ugumu wa hapa kwetu ambao vitabu vya nje havina. Tabora ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi, na nikiwa na kipimajoto peke yake hemani siwezi kutofautisha kwa uhakika mtoto aliyeiva ndani ya kigari na mtoto aliyekuja uwanjani na vimelea tayari. Aliyepata joto la jua kwa kawaida hushuka upesi akipozwa, lakini homa ya malaria nayo hupanda na kushuka. Kwa hiyo nawapeleka wote wakapimwe, na mara kadhaa kipimo kimenisuta. Ila msimpe Panadol mtoto aliyepata joto la kigari mkitarajia apoe, maana dawa hiyo hushusha homa inayoanzia ndani ya mwili, haina kazi na joto linalotoka nje.

Mengine kwa haraka. Kunja kigari kabla ya kufika langoni na umbebe mtoto, wala usikishushe kwenye ngazi za jukwaa akiwa ndani. Lango likisongamana, rudi nyuma hata kama umelipia tiketi. Mji huu ulizika watoto karibu 20 wa disko toto siku ya Idi mwaka 2008, na ukumbi ule ulikuwa umejaa kupita kiasi. Kwa kelele za uwanjani, pamba masikioni haitoshi: mfanyakazi mtu mzima anashauriwa asizidishe dakika 15 katika kelele za desibeli 100, na vuvuzela iliyo karibu inazidi hapo, hivyo tafuta vifunika masikio vya watoto au ukae mbali na kundi la ngoma.

Nimeshaulizwa pia kuhusu AFCON ya 2027, ambayo Tanzania imepewa kuandaa pamoja na Kenya na Uganda. Katika mashindano makubwa miavuli mirefu mara nyingi huzuiwa langoni, na hapo ushauri wangu mzuri kuliko wote unaishia mikononi mwa mlinzi. Kwa Uwanja wa Benjamin Mkapa ningetafuta kiti kilicho chini ya paa, ningebeba chupa mbili za maji na mbeleko, na kigari ningekiacha kwa ndugu Temeke.